Umeutazama Mti, Umeshindwa Kuutaja: Dalili na Sababu Zake

Hapa Mwanza mawe yanaonekana kabla ya miti. Ukishatoka mjini ndipo miti inaanza kukusumbua: ngitili za Magu na Kwimba, yale maeneo ya malisho na miti ambayo Wasukuma huyahifadhi, Buhindi kule Buchosa, misitu ya Geita na Biharamulo, na ukizunguka ziwa mpaka karibu na Uganda, Minziro. Nina karakana ya samani Igoma, na vijana ninaowafundisha huwa nawatoa mara mojamoja wakaone mbao zikiwa bado zimesimama. Wanarudi na malalamiko yaleyale, mwaka baada ya mwaka. Nimeyapanga hapa kama fundi wa redio anavyopanga: dalili kwanza, kisha sababu, nikianza na ile ninayokutana nayo mara nyingi.

Neno moja kuhusu "mbao ngumu", maana linachanganya. Kwa mtaalamu wa mimea, mbao ngumu hutoka kwenye miti inayotoa maua na kufunga mbegu ndani ya tunda, na mbao laini hutoka kwa jamaa za msindano. Ugumu wa ubao mkononi ni habari nyingine kabisa. Msufi, ambao ukucha unaingia, uko upande wa mbao ngumu. Podo wa Minziro, shina refu la kuheshimika, ni mbao laini. Misindano ya Rubya, Ukerewe, ni mbao laini pia. Ukilijua hili utaacha kubishana na watu bila sababu.

Beba kisu kikali, kioo cha kukuzia, magazeti ya zamani, daftari na maji ya kunywa. Panga liache nyumbani. Nitaeleza kwa nini.

"Majani yote naona yanafanana"

Haya ndiyo malalamiko namba moja, na mara nyingi sababu ni hii: unahesabu kijani, yaani kijijani kidogo ambacho ni kipande tu cha jani, ukidhani ni jani. Mninga, mjohoro, mkora, mkangazi, mpingo, mtundu na mwarobaini wote wana jani moja lililogawanyika katika vijani vingi vilivyoshikwa na kikonyo kimoja. Mtu anachuma kijani kimoja, anakitazama, anasema "la duara dogo, laini", na kwa maelezo hayo unaweza kutaja nusu ya pori.

Fuata kikonyo kurudi nyuma mpaka kwenye tawi. Pale jani halisi linaposhikana na tawi pana jicho dogo, chipukizi la kesho. Chini ya kijani hakuna jicho. Ukishalipata jicho, umelipata jani zima, na sasa una kitu cha kutambua.

Hatua inayofuata ni kutazama ncha ya jani hilo. Limeishia na kijani kimoja peke yake, au na jozi? Mninga una kijani cha peke yake nchani. Mjohoro unaishia na jozi. Kipimo hiki kimoja kimewaokoa vijana wangu mara nyingi kuliko vingine vyote, kwa sababu mjohoro umepandwa kila mahali hapa, barabarani, shuleni, kwenye zahanati, na una maua ya njano kama mninga. Anayejifunza akiona njano tu, anashangilia. Mtazame vizuri: vijani vya mjohoro vina kibonyo kidogo nchani, na matunda yake ni maganda marefu bapa yanayoning'inia mashada kwa mashada. Tunda la mninga halifanani na kitu kingine. Ni duara pana kama kiganja, katikati limevimba na kuota miiba kama nywele ngumu, pembeni limezungukwa na ubawa mwembamba uliokauka. Watoto hulirusha likazunguka.

Mkora na mkangazi nao huishia na jozi. Mkora una vijani vichache, vikubwa, vinavyong'aa, na ganda lake ni nene kama ubao. Ndani mna mbegu nyeusi zilizovaa kofia ya rangi ya chungwa. Ukishaziona mara moja huzisahau. Mkangazi hutoa tunda la mviringo, gumu, linalopasuka kama ua la mbao, ndani yake mbegu nyembamba zimelaliana kama karata. Mtundu unakuja na jozi chache tu, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Nduguye myombo ana jozi nyingi nyembamba, mpaka jani linafanana na unyoya.

Sababu ya pili, si ya mara nyingi sana: unatazama majani ya kisiki kilichochipua. Machipukizi ya kisiki hutoa majani makubwa kupita kiasi, wakati mwingine mara mbili ya kawaida, na hata umbo hubadilika. Usijifunzie hapo. Tafuta tawi la mti mzima linalopata jua.

Sababu ya tatu ni msimu. Kati ya Agosti na Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaanza, miti ya miombo hutoa majani machanga mekundu, ya zambarau, ya shaba. Pori zima linawaka rangi. Ni kipindi kizuri kupita vyote kutazama na kibaya kupita vyote kujifunzia, kwa sababu rangi hiyo haisemi lolote kuhusu jina la mti. Subiri wiki chache, majani yakomae.

Mwarobaini nauweka peke yake kwa sababu ya usalama. Vijani vyake vimejipinda kama mundu, kingo zina meno, na upande mmoja wa kitako cha kijani ni mkubwa kuliko mwingine. Una nduguye wa kupandwa, Melia azedarach, ambaye jani lake limegawanyika mara mbili: kikonyo kinazaa vikonyo, na vikonyo ndivyo vinazaa vijani. Matunda ya huyo ndugu yana sumu. Kama unachuma majani kwa ajili ya dawa na huna uhakika jani limegawanyika mara moja au mara mbili, acha hapo hapo. Mtu akishakunywa na anatapika au anatetemeka, mpeleke hospitali pamoja na tawi lenyewe.

"Mti hauna jani hata moja"

Juni hadi Septemba utasikia hili kila siku. Sababu ya kawaida ni kiangazi, basi. Mti uko salama. Kosa ni la mtazamaji: anasimama ameinua shingo wakati ushahidi umelala miguuni pake.

Tazama chini. Zungusha macho eneo la kivuli cha mti, pekua takataka. Hapo utapata matunda ya mwaka jana, maganda, mbegu, majani makavu ambayo bado yameshikana. Mninga huwa mwema zaidi, matunda yake hubaki juu mtini hata majani yakiisha, hivyo unauona kwa mbali umetundikwa visahani. Matunda yenye mabawa manne yaliyosimama kama panga boi ni ya jamii ya mlama. Maganda membamba kama karatasi, yenye mbegu moja au mbili, chini ya mti mfupi wa shina nyingi wenye miiba, hayo yachukue kwa makini: huenda umesimama chini ya mpingo.

Tahadhari ya pekuzi hizi: upepo wa ziwa hubeba tunda lenye bawa mbali. Tunda moja peke yake si ushahidi. Mimi nataka kumi, na nataka yawe mengi zaidi upande wa shina kuliko pembeni.

Kama chini pamefagiwa na moto, nenda kwenye gome. Na hapo kuna mtego. Moto wa pori huyafanya magome yote kuwa meusi yenye mipasuko, na gome jeusi lenye mipasuko ndiyo sifa ambayo kila mtu ameambiwa ni ya mninga. Panda macho juu ya alama ya moto, mita tatu au nne, kwenye gome ambalo halikuungua. Mpingo utakuonyesha gome la kijivu, jembamba, shina lenye mikunjo na mifereji. Mninga utakuonyesha gome nene la kahawia iliyokolea, lililokatikakatika vipande kama ngozi ya mamba.

Kuna wachache hawatakuwa na majani kwa sababu wamekufa. Kwaruza kijiti cha ukubwa wa kalamu kwa ukucha: ukiona rangi ya kijani au unyevu ndani, mti uko hai. Kukiwa kukavu na kijiti kinakatika kama biskuti, usisimame chini yake, na upepo ukiwepo ondoka kabisa. Matawi makavu hayatoi hodi.

"Umetoa damu, si ndiyo mninga?"

Huenda. Nasema huenda.

Utomvu mwekundu wa mninga ni kweli na unashangaza mara ya kwanza. Lakini mkurungu, nduguye wa karibu anayepatikana zaidi Tabora na Kigoma, naye hutoka utomvu mwekundu. Na kwenye kingo za misitu yenye unyevu kuna mti mdogo uitwao na wataalamu Harungana, hutoka utomvu wa chungwa unaoelekea wekundu. Huyo utamkamata kwa majani: yamekaa mawili mawili yakitazamana, jani zima lisilogawanyika. Mninga haujawahi kuwa hivyo.

Kipimo cha kwanza basi ni kurudi kwenye jani na tunda. Utomvu uwe shahidi wa tatu, usiwe hakimu. Na hapa ndipo nilipokataza panga. Mti hauhitaji kufyekwa ili uone utomvu. Kijiti kidogo ukikivunja kinatosha. Nimeona mininga ya kando ya njia iliyochanjwa na kila anayepita, ina makovu mpaka usawa wa mkono, na kidonda ni mlango wa wadudu na wa kuoza. Halafu kuna sheria. Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002 hairuhusu ukate au uharibu mti ndani ya hifadhi ya msitu bila kibali. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Saanane, usichume hata jani. Piga picha.

Utomvu mweupe una hadithi yake. Mvule unatoa mweupe, mkuyu unatoa mweupe, na wote ni ukoo mmoja. Anayeanza huchanganya hawa wawili mno, hasa kwa kuwa wote huwa wakubwa na huachwa wamesimama mashambani. Tafuta tini. Mkuyu hubeba tini zake kwenye shina na matawi makubwa, na gome lake linaelekea njano au kijani. Mvule una shina la kijivu lililonyooka kama nguzo, matawi yanaanza juu sana. Mvule dume huning'iniza maua marefu membamba kama viwavi, na jike hubeba kitu kinene kifupi. Ndiyo, mvule una dume na jike. Ukikuta mti hauna tunda miaka yote, huenda jinsia yake ndiyo jibu.

Mweupe wa tatu ni minyara, ile ya uzio wa kila boma la Usukumani. Huo usiujaribu. Ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Suuza kwa maji mengi safi, usisugue, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepungua.

"Mche haufanani na mama yake"

Fupi. Mvule mchanga una majani yenye meno kwenye kingo na nywele za kukwaruza. Mkubwa una majani laini yasiyo na meno. Ukiona majani hayo machanga yamevimba vinundu, ni mdudu wake, tena hiyo ni alama nzuri ya kukuthibitishia. Mninga mchanga una tabia ya kufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini, miaka kadhaa mfululizo, mpaka mzizi upate nguvu. Kwa hiyo kimche cha goti kinaweza kuwa na umri wa mtoto wa shule. Usiking'oe ukidhani ni gugu.

"Babu kaniambia jina hili, fundi kaniambia lile"

Kwa kawaida wote wako sahihi. Afzelia quanzensis kusini ni mkongo, pwani ni mbambakofi, huku kwetu na Tabora ni mkora au mkola. Mti mmoja. Sababu nyingine ni kwamba jina moja hubeba miti mingi: "mgunga" ni kundi zima la miti ya miiba, na sokoni "mahogani" imekuwa jina la ubao wowote uliokolea wekundu.

Usimkatize mzee. Mwamkie, kaa, uliza jina kwa lugha yake, Kisukuma, Kikerewe, Kizinza au Kijita, kisha uliza mti huo hufanya kazi gani. Matumizi hayadanganyi kama majina. Akikwambia gome lake hutoa kamba, anakupeleka kwenye miombo. Akikwambia maganda yake huwekwa kwenye uji yakaufanya mchachu, huo ni mkwaju. Andika majina yote, halafu jina la kisayansi ndilo litakalokwambia kama mnazungumzia mti mmoja. Mzee aliyelinda ngitili tangu ujana wake anajua vitu ambavyo mimi na kioo changu hatuvioni, ila hawezi kujua watu wa Lindi wanauitaje.

Programu za simu kama PlantNet na iNaturalist ni msaada, ila vijana huzipa picha ya gome tu, au mti mzima kwa mbali, kisha wanashangaa kupewa mti wa bara jingine. Zipe ua, au tunda, au jani zima likiwa na kikonyo, juu ya karatasi nyeupe. Zikikwambia ukoo, amini nusu. Zikikwambia jina kamili, rudi chini ya mti ukahakikishe.

"Msituni naujua, kwenye ubao siujui"

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sababu ya kwanza: unatazama weupe wa mbao badala ya moyo. Miti mingi ya mbao ngumu ina ukanda wa nje wa rangi hafifu, ndio huo weupe, na moyo uliokolea. Mninga wenye moyo wa dhahabu mpaka kahawia una weupe wa njano iliyopauka, na mpingo wenye moyo mweusi wa zambarau una weupe unaokaribia rangi ya maziwa. Ubao wa pembeni wa mti uleule utadhani umetoka nchi nyingine.

Sababu ya pili: rangi ya kupaka. Niliwahi kununua lundo nikiambiwa ni mninga, zuri, lekundu lote sawasawa. Randa ilipopita mara ya pili, wekundu ukabaki kwenye maranda na ubao ukabaki mweupe. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tangu siku hiyo sinunui bila kukwangua kona kwa kisu, na kisu kiingie kweli, si kugusa. Kinyago cha "mpingo" kigeuze, kwangua kitako: rangi ya viatu itatoka na kuacha ubao wa kawaida.

Sababu ya tatu ni maji. Ubao mbichi ni mzito, na uzito huo haukwambii kitu. Kausha kipande kidogo, kisha kidondoshe kwenye beseni la maji. Mpingo mkavu unazama, mita moja ya ujazo wake hupita kilo 1,200. Mninga mkavu unaelea.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kata ncha ya ubao kwa kisu kikali sana, upate uso laini, uutazame kwa kioo cha kukuzia mara kumi. Mbao ngumu zina vitundu, kama uso wa mkate. Msindano na podo hazina vitundu. Kwa kipimo hiki pekee huwezi kuuziwa msindano uliopakwa rangi. Mvule una siri moja: ndani yake huweza kuwa na jiwe, chokaa iliyoganda mle mtini ulipojeruhiwa. Msumeno wako ukipiga cheche katikati ya ubao wa kahawia, angalau sasa unajua ulichonunua.

Vumbi la mninga huwasha pua na kubana kifua kwa baadhi ya watu; la mvule na mpingo huweza kuleta vipele. Funika pua. Ukianza kukoroma kifuani au ngozi kuvimba, acha kazi, muone daktari, na mwambie jina la mbao. Usiseme "nitazoea", kwa sababu mwili hauzoei, unazidi kuathirika.

Mambo yanayotakiwa kuachiwa wengine

Mzinga juu ya mti na nyuki wanaingia na kutoka: zunguka. Mti ulio kando ya maji, kwenye matete, alfajiri au jioni: kuna kiboko na kuna mamba, mti huo utautambua saa nne asubuhi ukiwa na mwenyeji. Mapango ya mawe yenye mikuyu ni nyumba za nyoka.

Ukitaka kununua magogo, kusafirisha, au kukata hata mti wa shambani kwako, nenda kwanza ofisi ya misitu ya wilaya au ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania uulize vibali. Kwa anayefikiria kuuza nje ya nchi, mpingo umo tangu 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mkutano wa Panama wa 2022 uliongeza mninga, mkora na mkangazi pamoja na ndugu zao wa Afrika. Kukosea jina kwenye karatasi hizo ni kesi.

Na kama umepitia yote haya na mti bado umekugomea, chukua sampuli mahali unaporuhusiwa: kijitawi cha urefu wa gazeti, chenye majani mazima na ua au tunda. Kibane ndani ya gazeti, weka jiwe juu, badilisha gazeti kila siku mpaka kikauke. Hebaria ya Taifa, ghala la sampuli za mimea iliyokaushwa, iko Arusha. Kabla ya huko, afisa misitu wako anaweza kuwa na jibu. Kwenye karatasi ya pembeni andika tarehe, kijiji, urefu wa mti kwa kukadiria, rangi ya ua likiwa bichi, rangi ya utomvu, na jina alilokupa babu.